Umewahi Kukisoma Kibali Kilichotundikwa Dukani?

Tuanze na jambo ambalo karibu kila mzazi amelipitia. Ni saa kumi na mbili na nusu jioni. Mtoto anachemka mwili tangu mchana, uji ameukataa. Zahanati ya kijiji imefungwa, kituo cha afya kiko mbali, na nauli ya pikipiki usiku hupanda. Mama anamfunga mtoto mgongoni, anachukua noti aliyoificha kwenye pindo la kanga, anakwenda kwenye duka la dawa lililo karibu na stendi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mtoto huyu ana homa. Nipe dawa ya malaria, na zile kapsuli za rangi mbili."

"Za shilingi ngapi?"

"Nina elfu mbili tu."

Binti anahesabu vidonge, anavifunga kwenye kipande cha karatasi ya daftari la shule. "Mpe kimoja kutwa mara tatu." Basi, biashara imekwisha. Hakuuliza mtoto ana umri gani wala ana uzito gani. Hakuuliza kama anatapika. Hata kumtazama hakumtazama, maana yuko mgongoni na amefunikwa kanga.

Nyuma ya binti huyo, juu ya rafu, kuna karatasi yenye muhuri ndani ya fremu ya kioo. Mama hakuisoma. Na tuseme kweli, hata sisi tunaoandika ukurasa huu ni mara chache tunainua macho kuitazama. Mwezi huu tuinue macho.

Karatasi ile ni ya nini

Wengi hudhani kibali cha duka la dawa ni sawa na leseni ya duka la sukari na sabuni, yaani njia ya Serikali ya kukusanya ada. La hasha. Duka la sabuni likiuza sabuni mbaya, nguo hazitakati. Duka la dawa likikosea, mteja hatarudi kulalamika.

Wazo hili ni la kale mno. Katika karne ya 13, Kaisari Frederick II, aliyetawala pia Sicilia na kusini mwa Italia, aliweka sheria iliyotenganisha kazi ya mganga na kazi ya mtengeneza dawa. Mganga alikatazwa kumiliki duka la dawa au kula njama na mwenye duka. Watengeneza dawa waliapishwa, wakawekewa wakaguzi, na bei zao zikawekewa mpaka. Ni zaidi ya miaka 750 sasa, na mambo aliyoyahofia bado ni yale yale tunayoyahofia sisi: dawa mbovu, bei ya kuumiza, na mtu asiyejua kazi kujifanya anajua.

Hapa kwetu Tanzania Bara, kazi ya kutoa vibali vya famasi na maduka ya dawa iko chini ya Baraza la Famasi, kwa Sheria ya Famasi ya mwaka 2011. Dawa zenyewe, yaani kama zimesajiliwa na kama ubora wake unafaa, husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikiitwa TFDA hadi mwaka 2019, kabla shughuli za chakula na vipodozi hazijahamishiwa Shirika la Viwango. Ndugu zetu wa Zanzibar wana sheria yao na wakala wao. Kwa hiyo ukisikia watu wanasema "TFDA watakuja kukufungia", ujue wanasema kwa mazoea.

Kibali hutolewa kwa jengo lile, kwa msimamizi yule, na kwa aina ile ya duka. Likihama jengo, kibali hakihami nalo kimya kimya. Tena huhuishwa kila mwaka, kwa hiyo karatasi iliyofifia kwa jua na yenye tarehe ya miaka mitatu iliyopita ni pambo tu.

Kwa nini jengo? Kaa mchana mmoja chini ya bati lisilo na dari mwezi wa Januari, utapata jibu. Dawa nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 30 za joto. Kwenye kibanda cha bati joto hupita hapo bila taabu, na kidonge hakipigi kelele kinapoharibika. Rangi yaweza kubaki ile ile na tarehe ya kwisha ikawa bado mbali, kumbe nguvu imepungua. Ndiyo maana wakaguzi hutazama dari, rafu, sakafu inayosafishika, na kabati la kufungia dawa zinazohitaji ulinzi. Mwenye duka huona anasumbuliwa. Mgonjwa wa kisukari anayenunua insulini iliyokaa nje ya jokofu angeona vingine.

Hadithi ya dawa baridi

Wazee wetu bado husema "duka la dawa baridi". Neno baridi hapo halina uhusiano na barafu. Maana yake ni dawa zisizo kali, zile ambazo mtu aweza kununua bila karatasi ya daktari: za kutuliza maumivu, za kikohozi, za kiungulia na kadhalika. Sheria ya Madawa na Sumu ya mwaka 1978 iliruhusu maduka ya namna hiyo kuuza dawa hizo tu. Dawa kali ziliachiwa famasi kamili yenye mfamasia.

Kwenye karatasi mpango huo ulipendeza. Lakini famasi kamili zilikuwa mia chache tu kwa nchi nzima, na sehemu kubwa yake zilikuwa Dar es Salaam na miji mingine mikubwa. Mtu wa Tunduru au Sumbawanga vijijini angeipata wapi? Maduka ya dawa baridi, kwa upande mwingine, yalifika zaidi ya 4,000 ilipofika mwaka 2001. Yalikuwa karibu na watu, yalifunguliwa hadi usiku, na mwenye duka alimfahamu mteja kwa jina hata akamkopesha.

Basi ikawa kile kilichokatazwa ndicho kilichouzwa. Antibayotiki ziliwekwa chini ya meza. Aliyeuza mara nyingi alikuwa mpwa wa mwenye duka aliyemaliza darasa la saba, kijana mwaminifu katika kuhesabu pesa, lakini ambaye hajapata kufundishwa tofauti ya mtoto wa kilo nane na mtu mzima. Wakaguzi walipokuja, maduka yalifungwa kwa siku mbili, kila mmoja akidai ana msiba. Wakishaondoka, biashara iliendelea.

Hapo Serikali ilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kufunga maduka yote yanayovunja sheria. Lakini mkifunga duka pekee la kijiji, mama wa jioni ile atakwenda wapi? Atakwenda kwa muuza dawa wa mnadani, au kwa yule jirani mwenye bomba la sindano anayeitwa "dokta" kwa sababu zamani alifagia wodi. Sheria inayomnyang'anya mgonjwa duka bila kumpa kingine humsukuma gizani.

Njia ya pili ilianza kujaribiwa mwaka 2003 mkoani Ruvuma. TFDA, iliyoundwa mwaka huo, ikishirikiana na shirika la Management Sciences for Health la Marekani kwa fedha za mfuko wa Bill na Melinda Gates, ilianzisha duka la aina mpya: Duka la Dawa Muhimu. Wenye maduka waliambiwa hivi. Tengenezeni jengo lenu lifikie kiwango. Mleteni muuzaji mwenye angalau elimu ya muuguzi msaidizi, naye atasomeshwa kwa wiki kadhaa na kupewa cheti cha mtoa dawa. Andikeni dawa kwenye daftari. Kubalini kukaguliwa, na si na mgeni wa Dar es Salaam peke yake bali pia na watu wa wilaya na wa kata yenu. Mkifanya hayo, mtaruhusiwa kuuza kwa halali baadhi ya zile dawa mlizokuwa mkizificha chini ya meza.

Mwandishi anaona hapo ndipo palipokuwa na busara. Mfanyabiashara hakuombwa awe mtakatifu. Alipewa sababu ya kifedha ya kufuata sheria, na akawa na kitu cha kupoteza akiivunja.

Matunda yake yalipimwa. Kabla ya mpango, karibu robo ya dawa zilizokutwa kwenye maduka ya Ruvuma hazikuwa zimesajiliwa nchini. Baada ya mpango zilishuka hadi kama 2 katika kila 100. Katika mkoa wa Singida, ambao ulichukuliwa kwa kulinganisha na haukuwa na mpango huo, zilipungua pia, ila si kwa kiasi hicho. Baadaye maduka haya yalienezwa katika mikoa yote ya Bara na yale ya dawa baridi yakatakiwa kubadilika au kufungwa. Hata Uganda na Liberia walichukua mfano huo wakaufanyia kazi kwao. Na malaria ilipoanza kutibiwa kwa dawa ya mseto baada ya mwaka 2006, maduka hayo yalitumika kuifikisha vijijini kwa bei iliyopunguzwa.

Si kwamba kila kitu kilinyooka. Antibayotiki bado zinauzwa kwa mafua. Watoa dawa waliosomeshwa huhama, wengine huolewa mbali au hupata kazi hospitalini, na nafasi yao hukaliwa tena na mpwa. Mwenye duka analalamika kwamba kumsomesha mwingine ni gharama, na hasemi uongo.

Cheti cha kukodi

Hapa tuseme jambo linaloudhi. Famasi kamili hutakiwa iwe na mfamasia msimamizi, ambaye jina lake limo katika kumbukumbu za Baraza. Wafamasia si wengi. Basi wako wanaokubali jina lao na cheti chao vitundikwe ukutani kwa malipo ya mwezi, huku wao wenyewe wako kazini mji mwingine. Famasi inang'aa kwa vioo na taa, lakini anayekupa dawa ya shinikizo la damu ni kijana aliyeanza kazi Jumatatu. Baraza limekemea mtindo huu mara nyingi.

Wengine watasema, "Lakini dawa si ni ile ile?" Ni ile ile. Ila mtu aliyesomea kazi hiyo anajua kwamba baba huyu anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda hafai kupewa aspirini kwa maumivu ya goti. Anajua kwamba mama mjamzito hapewi kila kidonge. Anajua kusoma mwandiko wa daktari, na asipouelewa anampigia daktari simu badala ya kubahatisha. Kile unachokilipia famasi si kidonge peke yake. Unalipia na kichwa cha mtu aliyesimama nyuma ya meza. Kichwa kikiwa mji mwingine, umedhulumiwa.

Sasa wewe unaweza kufanya nini? Kuuliza. Na kuuliza kwa heshima si ugomvi. "Samahani dada, mfamasia yupo?" au "Wewe ndiye mtoa dawa wa hapa?" Mwenye sifa hafichi. Mtoa dawa wa Duka la Dawa Muhimu ana cheti chake, na kinapaswa kuwapo hapo dukani. Uliza pia dawa inaitwaje, inatibu nini, inatumiwa kwa siku ngapi, na kama inaliwa kabla au baada ya chakula. Akijibu kwa hasira, au akisema "wewe meza tu", hiyo nayo ni habari.

Tazama pia bahasha. Dawa haifai kufungwa kwenye karatasi ya daftari. Inatakiwa bahasha yenye jina la dawa na maelezo. Na hapo kuna mtego mdogo: ile alama ya "1x3" au "2x3". Wako wazee wanaoielewa kuwa ni kumeza kidonge kimoja asubuhi na vitatu jioni. Maana yake ni kidonge kimoja, mara tatu kwa siku, yaani kila baada ya saa 8 hivi. Mwombe mtoa dawa akuandikie kwa maneno. Kwa dawa ya maji ya watoto, kijiko kinachotajwa ni cha mililita 5, na vijiko vya chai vya nyumbani havilingani. Omba kikombe au kijiko cha kupimia.

Na ukiona kwenye dawa herufi GOT, ujue hiyo ni mali ya Serikali iliyokusudiwa hospitali na zahanati zake. Ikiwa imefika kwenye rafu ya duka la mtu binafsi, kuna mgonjwa mahali fulani aliyeambiwa "dawa zimekwisha". Taarifa kama hizo hupelekwa kwa mfamasia wa wilaya, katika ofisi ya Mganga Mkuu wa Halmashauri, au kwa Baraza na TMDA. Mwenyekiti wa kitongoji akisaidia kufikisha, vema zaidi, maana wengi wetu huogopa kumshitaki jirani aliyetukopesha dawa mwezi uliopita. Hilo nalo ni jambo la kweli, na hatuna jibu jepesi.

Duka halikuwekwa kwa kila ugonjwa

Hata duka bora lenye kibali kipya lina mpaka. Duka la Dawa Muhimu lina orodha yake ya dawa, na nje ya hiyo orodha halina ruhusa. Haliruhusiwi kuchoma sindano. Wako wateja wanaodai sindano kwa nguvu, wakiamini kwamba kinachouma ndicho kinachoponya. Muuzaji anayekataa anaonekana mjinga au mwenye roho mbaya. Wazazi, tumwache akatae.

Turudi kwa mama wa stendi. Alipewa vidonge vya shilingi elfu mbili, kimoja kutwa mara tatu. Kama vilikuwa vya mseto, amekosewa mara mbili. Mseto hutolewa kwa uzito wa mtoto, asubuhi na jioni, kwa siku tatu mfululizo, yaani mara sita kwa jumla. Nusu ya dozi hushusha homa, mama akashukuru, kisha wadudu waliobaki wakaibuka wakiwa wamezoea dawa. Na kama homa haikuwa malaria? Mtoto alihitaji kupimwa kwanza. Zile kapsuli za rangi mbili nazo, ikiwa ugonjwa ni mafua ya kawaida, hazifanyi chochote ila kuwafundisha vijidudu vingine namna ya kushindana nazo.

Kuna watoto ambao hawapaswi kusubiri dukani hata dakika kumi. Asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila anachopewa, aliyepata degedege, aliyelegea au asiyeamka vizuri, huyo apelekwe kituo cha afya au hospitali usiku ule ule. Hali kadhalika anayehema kwa haraka au ambaye kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi. Kupumua hupimwa hivi: mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima. Kwa mwenye miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni hatari. Kwa mwenye mwaka 1 hadi miaka 5, ni 40 au zaidi. Yaweza kuwa nimonia. Saa ya simu inatosha kwa kazi hii.

Kwa kuhara bila damu, duka laweza kusaidia mapema: pakiti za chumvichumvi za kuchanganya na maji safi, pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Wengi huacha zinki siku ya tatu kwa kuwa mtoto ameshacheza. Mmalizieni.

Yuko mtoa dawa mmoja ninayemfahamu, mama wa makamo, zamani muuguzi msaidizi. Duka lake ni dogo, lina dari ya mbao na pazia linalozuia jua la alasiri. Siku moja nilikuwa nimekaa kwenye benchi lake nikisubiri mvua ipite, akaingia baba na mtoto wa miezi tisa, anataka dawa ya kikohozi na amoksisilini. Yule mama akasema, "Mfunue kwanza, baba." Akamtazama kifua, akatoa simu, akahesabu. Ikawa 58.

"Baba, dawa ya huyu siyo hapa kwangu. Nenda nao kituo cha afya sasa hivi."

"Lakini mama, pesa ninayo!"

"Najua unayo. Itunze kwa nauli."

Yule baba alitoka amekasirika. Mama akafungua daftari lake, pale kwenye safu ya dawa iliyotolewa akapiga mstari, na mbele yake akaandika: amepelekwa kituo cha afya, saa kumi na mbili kasoro robo. Kisha akanyanyuka kumwita kijana wa pikipiki aliyekuwa amejikinga mvua kwenye ukumbi wa duka la jirani.